Miaka Kumi Uliyojiongezea

Mjomba Elkana,

Kila uliponiita nikuandikie barua ya nyumbani, ulitaka nianze kwa kuuliza hali za watu wote, hata wale usiowapenda. Leo sitauliza hali. Nitakupa yangu tu. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Sijalia. Watu wananiangalia wakingoja nilie, na mimi nangoja pamoja nao.

Ni Jumapili mchana, watu wameshatoka kanisani. Nimekaa nje ya nyumba yako hapa kambi ya wafanyakazi wa shamba, kwenye benchi. Mkeo, Mama Rebeka, yuko ndani, amejilaza. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu ututoke.

Kwanza nikwambie tulivyokuzika, maana najua ungeuliza. Nyumbani hatukukufikisha. Siku hizi za Hali ya Hatari, serikali ikiwinda waasi, kupata ruhusa ya kusafirisha maiti mpaka Magharibi ni kazi ya wiki nzima, na wewe usingengoja. Tukakuzika hapa Ruiru, makaburi ya kanisa, upande wa juu ambako maji hayasimami. Seremala wa Gitothua alikadiria vibaya, sanduku likawa fupi, ukaenda bila viatu. Mama Rebeka amevihifadhi chini ya kitanda. Mhubiri alisema miaka thelathini uliendesha lori bila kugonga hata kuku. Watu wakasema amina. Mimi nilimkumbuka yule kuku wa stesheni, lakini na mimi nikasema amina.

Siku ya tatu tukanyolewa kama inavyotakiwa. Alikuja yule mzee wetu anayefanya kazi kwenye mkonge huko Thika, ndiye aliyesimamia, kwa kuwa hapa hatuna mkubwa mwingine wa kwetu. Unajua siku hiyo ilivyo. Mwenye neno lolote na marehemu analisema mbele ya watu, na baada ya hapo limefungwa, halifufuliwi. Aliuliza mara tatu. Mara ya kwanza akasimama mtu kueleza habari ya jembe lako aliloazima, akalirudisha. Mara ya pili watu wakanyamaza. Mara ya tatu akaniangalia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye mpwa wako na ndiye niliyekuwa nawe kila siku. Nikaangalia miguu yangu. Wakaninyoa. Sasa nina kipara na lile neno bado ninalo.

Neno lenyewe unalijua kuliko mimi. Lakini niache nilipange, kwa sababu kesho nitatakiwa kulisema kwa mpangilio mbele ya watu wasionijua, na huwa nikianzia katikati napotea.

Linaanzia kwenye kipande chako, ile karatasi ya serikali ya kutembea nayo kazini. Ulinisimulia mara nyingi, na kila mara ulicheka mpaka ukakohoa. Ulikuwa kijana, huna mke, huna ndevu za maana, na Bwana wa zamani wa shamba hili alikuwa amenunua gari la kwanza. Alisema gari lake halishikwi na kijana, anataka mtu mzima mwenye mji wake. Wewe ukaenda kwa karani ukamwambia una miaka kumi zaidi ya ile uliyokuwa nayo. Yeye angejuaje? Akakutazama usoni, akaandika. Ukapewa gari. Mke ukaja kumtafuta baadaye, ili uongo usiwe mkubwa sana. Hivyo ndivyo ulivyosema, na Mama Rebeka alikuwa akikurushia kitambaa cha vyombo.

Miaka kumi hiyo ilikaa kimya kwenye karatasi muda wote huo. Halafu mwaka jana likaja lile agizo la leseni. Bwana alituita tulio wa magari, akatusomea chini ya kibaraza cha ofisi. Dereva aliyepita miaka sitini hapewi tena leseni hivi hivi. Kila mwaka atakwenda Thika, apimwe macho, kisha aendeshe gari mbele ya mkaguzi, arudi nyuma kati ya mapipa, apande kilima asimame katikati na aondoke tena. Akishindwa, leseni inabaki mezani. Walisema wazee wanasababisha ajali. Kwa kipande ulikuwa umepita sitini na mbili. Kwa mama aliyekuzaa ulikuwa hata hamsini na tatu hujafika.

Ulivaa kofia yako. Ulirudi nyumbani ukakaa. Mama Rebeka akasema hilo si jambo, wewe kuendesha unajua kuliko huyo mkaguzi. Ukasema ndiyo. Ukaomba maji. Mimi nilikuwa hapo, na nilijua kwa nini umeomba maji. Mapipa hukuyaogopa, wala kilima. Uliogopa macho.

Nilianza kujua siku ile uliponitoa juu ya magunia. Nilikuwa taniboi wako mwaka wa pili, mtu mzima na ndevu zangu, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mzigo, kushuka kuweka jiwe chini ya gurudumu, kufunga turubai mvua ikija. Ukaniambia nije nikae mbele, unataka mtu wa kuzungumza naye. Nikafurahi, nikadhani ni mapenzi tu. Baada ya wiki nikaelewa mazungumzo unayoyataka. Ulikuwa ukiniuliza, "Yule ni nani anakuja?" na hakuna aliyekuwa anakuja, ni nguzo ya simu. Nyumbani ulikuwa umebadilisha kioo cha taa mara mbili ukisema kina moshi. Kile kioo kilikuwa safi, Mjomba.

Hatukuwahi kuliongea. Nilianza tu kukutajia. Ng'ombe kushoto. Baiskeli. Mama na kuni. Lori la mkonge linakuja, lina haraka. Na wewe ulikuwa unazungusha usukani polepole kama mtu aliyeviona mwenyewe. Siku moja tu ndiyo ulisema kitu, tukishuka kwenda daraja la Ruiru. Ulisema, "Barabara naijua, haihami. Wewe niambie yale yanayotembea." Basi nikawa nakuambia yale yanayotembea. Hivyo tulipeleka kahawa Thika misimu mitatu, na watu wa kinuni walikuwa wanasema hakuna dereva anayeegesha kama Elkana. Nilijivuna. Nilijiona fundi wa kitu ambacho hakuna mwingine anakijua.

Kwa hiyo agizo lilipokuja, mimi ndiye niliyepata akili. Sitaki useme ni wewe. Nilikesha siku mbili, nikaiona njia. Huna haja ya kupimwa ikiwa hujafika sitini, na kweli hujafika. Nikaandika barua kwa kanisa letu nyumbani, kwa yule mzee anayeweka kitabu cha ubatizo. Nikamwomba aangalie ulibatizwa ukiwa wa umri gani, na ulitahiriwa pamoja na kina nani, ambao miaka yao inajulikana. Miezi miwili nikingoja. Majibu yakaja yamepigwa mhuri wa chifu, maandishi mazuri ya kulala upande mmoja. Yalisema ulibatizwa ukiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na wakawataja wa rika lako mmoja mmoja, waliokufa na walio hai.

Tukaenda nayo Thika. Pale ofisini wazee walikuwa wamejaa kwenye benchi, wamevaa makoti yao ya kanisani kama watu walioitwa kwa harusi, kofia magotini, wakingoja kuitwa dirisha la macho. Sisi tukapita tukaenda dirisha la karatasi. Karani akaisoma mara mbili. Akacheka, akakata miaka ya zamani kwa wino, akaandika mipya, akakuambia, "Mzee, leo umezaliwa upya." Akakupigia mhuri leseni ya mwaka. Kwenye ile benchi hukukaa hata dakika moja.

Tulitoka tukanywa chai na mandazi, na ulikuwa umenishika mkono mtaani. Watu walidhani ni furaha. Ulikuwa umenishika kwa sababu kulikuwa na ngazi mbele ya ile hoteli na hukuziona.

Kila neno la ile barua lilikuwa kweli. Hapo ndipo ninapokwama. Ningekuwa nimedanganya ningejua pa kutubu.

Sasa Jumanne ile. Wewe ndiye uliyenisukuma niende kutafuta leseni yangu mwenyewe, ulisema mtu hawezi kuzeeka akiwa taniboi. Nikapewa siku, ikawa Jumanne. Nilikuomba lori lipumzike siku hiyo. Ukasema kahawa imeshaoshwa imekauka, kinu kinangoja, na Bwana hana habari ya kupumzika. "Nenda bwana," uliniambia. "Kwani hii barabara nimeianza jana?" Nikaenda. Ningeweza kumwambia mmoja wa wapakiaji akae mbele nawe. Lakini ningemwambia akae kwa sababu gani? Kumwambia ingekuwa ni kuitangazia kambi nzima. Nikaona siku moja si kitu.

Mkaguzi alinisimamisha uani akanionyesha gari lililoegeshwa mbali, karibu na ukuta, akasema nisome nambari yake. Nikasoma. Ilikuwa wazi kabisa, kila herufi. Nilijisikia vibaya kuiona vizuri hivyo. Nyuma yangu alifuata mzee mmoja dereva wa shamba la mkonge. Akaambiwa asome, akakaza macho, akasogea hatua, akaambiwa asisogee. Akasimama. Kisha akatoa leseni mfukoni mwenyewe, akaiweka juu ya meza bila kuombwa, akavaa kofia yake akaondoka. Nilimwonea huruma sana. Alhamisi iliyopita nimemwona sokoni Thika, ananunua mbegu za maharagwe, anabishana na mwenye duka. Yuko hai, Mjomba. Ana hasira na afya.

Mimi nilipita. Nilipata lifti mpaka kabla ya daraja la Ruiru. Nikaona watu. Nikaona turubai letu, nalijua kwa kile kiraka cha buluu. Karatasi ya leseni ilikuwa mfukoni mwangu, na kitu nilichofanya ni kuibonyeza kwa mkono isianguke. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Tangu hapo ni kama nimefungiwa upande wa pili wa dirisha.

Watengeneza barabara walikuwa wamemwaga ukingoni mwa daraja, Jumatatu jioni, lile rundo la changarawe ulilolivamia. Halikuwa linatembea. Lakini Jumatatu asubuhi, tulipopita wote wawili, halikuwapo. Wapakiaji wawili waliokuwa juu ya magunia waliruka, wamevunjika kidogo, watapona. Wote wawili walisema jambo moja: dereva hakukanyaga breki kabisa. Alikwenda kama njia ni nyeupe.

Basi kila mtu akasema breki. Breki za lori alikuwa amezitengeneza Kamau, Jumamosi. Huyo Kamau fundi wetu wa gereji, aliyekuwa akikuita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, na kukupigia saluti na spana. Bwana alitazama lile lori, mbele pote pamekunjamana, mrija wa breki umekatika, nani atajua ulikatika kabla au baada? Akasema umekatwa kwa makusudi. Na Kamau ni Mkikuyu, na siku hizi hiyo imetosha. Askari walikuja Jumatano asubuhi wakamtoa gerejini na mikono yake ina grisi.

Jioni hiyo hiyo mkewe, Wanjiru, alikuja matangani na sufuria ya uji. Wanawake wetu wakampa mgongo. Mama Rebeka akasogea, akampa nafasi pale jikoni, na Wanjiru akakaa akamenya viazi vya waombolezaji, mumewe akiwa amefungwa kwa ajili yako. Aliniuliza kama chai imetosha. Nikasema imetosha.

Sikusema Jumatano. Siku ya kunyoa sikusema. Ijumaa karani wa shamba alituambia kwamba Kamau hapelekwi kortini, Jumatatu hii, yaani kesho, gari linakuja kuwachukua yeye na wengine kuwapeleka kizuizini, na huko watu hukaa miaka. Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua.

Nikuambie kwa nini nilinyamaza, usije ukadhani yote ni heshima. Kulikuwa na jina lako, lile la miaka thelathini. Kulikuwa na hii nyumba. Bwana amemwambia Mama Rebeka akae mpaka mavuno yaishe, kwa kuwa mumewe alikufa kazini kwa uovu wa mtu mwingine. Akisikia ulikuwa huoni, atasema uliliua lori lake, na mama atatoka na vyungu vyake. Na kulikuwa na hili: Bwana ananunua lori jingine, ameniambia ni langu. Sitakudanganya. Hilo la tatu ndilo nililolifikiria kwanza.

Leo baada ya ibada nilimwita Mama Rebeka nikamwambia. Nilimwambia yote, magunia, nguzo ya simu, barua ya kanisa, changarawe. Nilimwambia nikitazama ukuta. Nilingoja apige kelele au anifukuze. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

Kisha akasema, "Ulidhani macho yake yalikuwa wewe peke yako? Hapa nyumbani yalikuwa mimi."

Akaniambia alivyokuwa akikujazia chai nusu kikombe usije ukajimwagia. Alivyokuwa akiweka kijiko upande ule ule kila siku, na kuwakataza watoto wa majirani wasiache kigoda njiani. Wewe hukumwambia, na yeye hakukuuliza, kwa sababu alijua ungeona haya. Alidhani mimi sijui. Aliogopa kuniambia nisije nikakataa kupanda lori nawe, ubaki peke yako. Miaka mitatu, Mjomba, tumekuficha kila mtu kwa upande wake, na kila mmoja akimficha mwenzake. Kama mmoja wetu angefungua mdomo, hata kwa bahati mbaya, ungekuwa kwenye ile benchi na koti lako, ungeshindwa, ungekasirika, ungerudi nyumbani kutusumbua.

Nikamwambia kuhusu nyumba. Akasema nyumba ni ya Bwana, hata alipokuwa hai Elkana ilikuwa ya Bwana. Nikamwambia kuhusu jina lako. Hapo aliweka ungo chini. Akafuta mikono, akasema, "Kesho tunaenda wote wawili. Wewe utasema ya barabarani, mimi nitasema ya nyumbani."

Ameshamtuma mtu kwa Wanjiru. Tutaondoka watatu alfajiri, tuwe kwenye lango la askari kabla hilo gari halijafika. Sijui kama watatusikiliza. Mtu anayesema marehemu hakuona hana karatasi ya kuonyesha. Karatasi iliyopo inasema umri wako tu, na niliitafuta mimi. Nitawaambia hivyo. Nitawapa jina la mzee wa kanisa wamwulize, na jina langu, na leseni yangu nitaiweka mezani, wakiitaka waichukue. Wapakiaji watasimama tena waseme hukukanyaga breki, na mimi nitasema kwa nini.

Sikuombi ruhusa, Mjomba. Ningekuomba usingenipa, nakujua. Ungesema tungoje kidogo, jambo litapoa. Kamau hawezi kupoa huko wanakompeleka.

Nimeandika mpaka jua limefika mlangoni, na nadhani uchungu wako umeanza kunifikia. Acha uje. Lala salama hapo ulipo, na miguu mitupu hivyo hivyo, utuvumilie. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye benchi ya wazee, na kesho, mbele ya watu wote, nitasema ulikuwa huoni na mimi nilikuwa naona.

Mpwa wako,
Elam